Karatasi Mbili za Kasika C.

Asubuhi majibu ya vipimo yalipofika kutoka Bukavu, Wivine alikuwa nyuma ya jikoni anaosha sahani moja. Ilikuwa sahani ya wifi yake, Colette, na ilioshwa peke yake, katika beseni lake, kwa maji yaliyokwenda kumwagwa ng'ambo ya migomba. Hakuna aliyemwambia Colette kwamba mambo yatakuwa hivyo. Siku moja tu alikuta bugali wake umewekwa kwenye sahani ya plastiki ya bluu, na kesho yake tena, akaelewa.

Colette alikuwa albino, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mweso mpaka vita vilipomtoa huko. Miaka miwili iliyopita alikuja kukaa kwa mdogo wake, Christian Kasika, kwenye kijiji kilichoko kando ya barabara ya kutoka Hombo kwenda Walikale. Alikuja na begi moja, kofia pana, na kidonda ubavuni mwa pua. Kidonda hicho kilikuwa na umri wa miaka minane. Kilianza kama kipele kinachong'aa, kikapasuka, kikafunga ukoko, kikavuja damu, kikafunga tena. Sasa kilikuwa na upana wa sarafu, kingo zake zimeinuka, na siku za joto kilitoa harufu.

Christian naye, mwaka mmoja baada ya dada yake kufika, aliota doa jeusi chini ya kisigino cha kushoto. Alidhani ni mwiba wa mchikichi uliobaki ndani. Doa likawa kubwa kama kidole gumba, likapasuka, likaanza kulowesha soksi. Wivine hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kidonda kiliingia nyumbani kwa mguu wa wifi, kikatoka kwenye mguu wa mume.

Waliitwa kituo cha afya wote watatu. Papa Noël, muuguzi mkuu, alifunga mlango akaweka karatasi mbili mezani. Christian hakumngoja aseme. Alizivuta zote mbili. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, lakini jina aliweza kulisoma. Juu ya karatasi ya kwanza: KASIKA C. Juu ya ile ya pili: KASIKA C.

"Yangu njo gani?"

"Ya mukono ya kushoto. Angalia hapa chini, wameandika talon, maana yake kisigino. Ile ingine wameandika nez, ni pua."

"Inasema nini?"

Papa Noël alivua miwani. "Zote mbili ni kansere ya ngozi. Lakini haziko namna moja. Ya Mama Colette ni ile inakulaka polepole mahali iko. Inaweza kuharibu pua mpaka ku mufupa, lakini ni mara chache sana inaenda ku viungo vingine. Wakiikata muzuri, mambo imeisha. Yako, Papa Christian, ni ingine. Hii inasambaa. Daktari Josiane anaomba ufike Bukavu mu hii juma."

Wivine aliposikia neno inasambaa alisogeza kiti chake mbali na Colette, kidogo tu, kama mtu anayetafuta mwanga. Kisha akacheka bila furaha.

"Kidonda ya miaka munane yenye inanuka njo haina neno. Na kadoa ka mwaka moja, kenye hakaumi, njo ka kuua. Papa Noël, hiyo unaiamini weye mwenyewe?"

"Mama Kétsia," alisema Papa Noël, akimwita Wivine kwa jina la mtoto wake, "ukubwa si kitu. Namna yake njo kitu."

Christian alikuwa bado anazitazama zile karatasi. "Nani aliandika majina ku chupa?"

Papa Noël alimtazama Colette. Wote walikuwepo siku ile Daktari Josiane alipokuja kutoka Bukavu kufanya konsultasyo, kupima wagonjwa, kwa siku mbili. Alimkata kila mgonjwa kipande kidogo cha nyama, akakitia kwenye kichupa chenye dawa. Glavu za Papa Noël zilikuwa na damu, na Colette ana mwandiko mzuri, basi akaombwa aandike majina kwenye plasta.

"Ni miye," Colette alisema.

*

Walipofika uani, Christian alikaa juu ya kinu kilicholala, akanyosha mguu mbele yake.

"Chupa yako na yangu zilikuwa mu mukono moja," alisema.

"Mu mukono yangu zilipita chupa kumi na moja, Christian."

"Sikuulize za wengine."

"Unafikiri nilibadirisha."

"Mi sifikiri kitu. Nauliza tu. Kasika C., Kasika C. Batu wawili, herufi moja. Hata kama hukufanya na roho mubaya, unaweza kukosea."

"Niliandika mahali walikata. Nez. Talon. Siwezi kukosea pua na kisigino."

"Njo hiyo," Wivine alidakia kutoka mlangoni. "Hawezi kukosea. Anajua kila kitu chenye alifanya."

Colette alimtazama mdogo wake akimngoja akatae. Christian aliinama akaanza kufunga kitambaa cha kisigino upya, na alikifunga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kabla ya saa sita Wivine alikuwa ameshakunja nguo za wifi yake. Alizikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akaweka na sabuni mpya juu yake, ili mtu yeyote asije akasema amefukuzwa. Katekista alimpa Colette chumba nyuma ya kanisa, kilimokuwa kinawekwa mbegu za maharage.

Aliyemwongoza Christian tangu siku hiyo alikuwa Symphorien, mdogo wa marehemu baba yao. Symphorien alikuwa mwindaji wa zamani, mtu wa kuheshimiwa, asiyekosa misa na asiyekosa pia mambo ya kimila. Mvua au jua, alivaa buti za mpira. Alisikia habari ya karatasi akatikisa kichwa.

"Haukuchomwa na mwiba. Ulikanyaga kitu. Kuna muntu alikiweka mu njia yako, na muntu anayewekaka kitu mu njia ni ule mwenye anajua unapita wapi."

"Ni nani, Papa?"

"Sitaji jina ya mutoto ya kaka yangu. Lakini niambie, ndundu huyo, ule albino, mbele hajakuja, ulikuwa unachechemea?"

Christian alisema hapana. Wakaenda ng'ambo ya mto kwa mfumu, mganga wa kienyeji. Mfumu akampa majani ya kufunga kisigino na mengine ya kuchemsha. Wivine aliyachemsha asubuhi na jioni, wiki tatu. Kisigino kilianza kunuka kama kile kidonda cha pua, kisha kikakizidi.

*

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Wivine hakumwambia mtu. Mume wake alikuwa amebadilika. Alioga mlango umefungwa. Alilala na suruali. Alitembea akitanua paja, kama mtu mwenye jipu pahali asipotaka kutaja. Christian alikuwa na kawaida ya kupeleka mafuta ya mawese kuuza kule Bisie, mgodini, na alikuwa akikaa huko siku nne, tano. Wivine alizihesabu zile siku upya kichwani, akaunganisha na suruali, akapata jibu.

Alikwenda kwa Papa Noël peke yake, akajifanya anatafuta dawa ya minyoo.

"Niambie ukweli," alisema mwishowe. "Papa Kétsia amekuja hapa kutafuta dawa ya magonjwa ya banamuke?"

"Hapana. Kwa nini?"

Akamweleza. Papa Noël alisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukiwa mzito.

"Anatanua paja gani? Ya kushoto ao ya kuume?"

"Ya kushoto."

"Upande ya kisigino."

"Sasa kisigino inaingilia wapi hapa?"

Muuguzi alichukua fomu ya chanjo iliyoharibika, akaigeuza nyuma, akachora mguu na vitone vitatu. "Angalia. Kansere ya ngozi, ile tunaonaka zaidi, ni namna tatu. Hii ya kwanza ni kama ya Mama Colette. Jua njo inaileta, kwa sababu ngozi yake haina kitu ya kuikinga. Inaharibu mahali iko, lakini kusafiri, karibu hapana. Ya pili inaweza kushika ma-albino vilevile, ao inaota ku kovu ya moto, ku kidonda yenye imekaa miaka na miaka haiponi. Hiyo ikiachwa inaweza kusafiri. Ya tatu ni hii nyeusi. Haiko nyingi, lakini njo mubaya kupita zote. Na kwetu batu weusi haipende pahali jua inapiga. Inapenda chini ya muguu, mu kiganja, chini ya kucha. Inaingia chini, chini, kisha inapanda. Kutoka kisigino inapandia hapa." Akachora kitone juu ya paja, kwenye mkunjo. "Niliuliza kila mugonjwa siku ile kama kuna kitu kimevimba mu mukunjo wa paja ao mu kwapa. Papa Christian alijibu hapana."

Wivine alikitazama kile kitone. Bado hakumwamini. Lakini sasa walikuwa wawili asiowaamini, muuguzi na mume wake, na mmoja wao aliweza kumpima kwa mkono wake mwenyewe.

Alimkuta Christian amejinyosha kwenye mkeka, jua la mchana likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Akafunga mlango.

"Vua suruali."

"Uko na nini?"

"Papa Kétsia, vua. Kama ni mwanamuke ya Bisie, nitaona. Kama si mwanamuke, nitaona vilevile."

Alivua. Aligeuza uso ukutani. Kwenye mkunjo wa paja la kushoto kulikuwa na vimbe mbili, moja kubwa kama kokwa la mchikichi, nyingine ndogo kando yake, ngumu, hazikuteleza chini ya vidole. Wivine alizigusa kwa muda.

"Toka lini?"

"Mbele ya Daktari kuja."

"Na Papa Noël alikuuliza."

"Aliniuliza."

Wivine alikaa chini. Nje mtu alikuwa anapita na pikipiki, sauti ikaja, ikaenda.

"Na karatasi?"

Christian hakugeuka. "Nilijua ile ya talon ni yangu. Kama ingekuwa ya Colette, mi singekuwa na kitu. Wangenikata kidogo, ningerudi ku shamba."

"Ukaacha nimufukuze dada yako."

"Sikukuambia umufukuze."

"Hukuniambia nisimufukuze."

*

Walikwenda Bukavu wote watatu, siku mbili njiani kwa sababu ya vizuizi vya wenye bunduki na madaraja mabovu. Wivine alimfuata Colette kule kwenye chumba cha maharage akamwambia tu, "Dada, vaa, tunaenda." Alikuwa ametafuta maneno mengine njia nzima asiyapate. Colette alichukua kofia. Kwenye gari Wivine alikaa katikati, akawatenganisha ndugu hao wawili, na kila gari lilipopinda bega la Colette lilimgusa, naye hakusogea, lakini alijua kwamba linamgusa.

Daktari Josiane alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimlaza Christian, akabonyeza paja, tumbo, shingo, kisha akatoka. Wivine alimfuata kwenye ukumbi.

"Daktari, nataka kuuliza. Haikutoka kwa huyu?"

"Kwa nani?"

"Dada yake. Alikuja na kidonda, kisha bwana yangu akapata. Papa Noël alisema inasambaa."

Daktari alisimama. "Mama, tukisema inasambaa, ni ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kutoka kisigino kwenda pajani, kutoka pajani kwenda kwenye mapafu. Hairuki kwenda kwa mwingine. Haipiti kwenye sahani, haipiti kwenye maji, haipiti kwenye kitanda. Ungekula naye sahani moja miaka hamsini, usingepata kitu."

Wivine aliitikia kwa kichwa. Daktari alikuwa ametaja sahani mwenyewe, bila kuambiwa, na hilo lilimfanya Wivine ajiulize ni nyumba ngapi zenye sahani kama ile.

Walimkata Colette siku ya Jumanne. Waliondoa kidonda chote na pembeni yake kidogo, wakavuta ngozi ya kipaji cha uso wakaziba. Alitoka na bandeji na jicho moja limevimba. Christian walimkata Alhamisi, kisigino kwanza, kisha tezi za paja. Daktari alisema tezi tano kati ya nane zilikuwa nyeusi kama punje za kahawa zilizokaangwa. Siku iliyofuata wakapiga picha ya kifua. Kwenye mapafu kulikuwa na vidoa. Kuna dawa za kujaribu, alisema, lakini hapa hazipo, na hata zingekuwepo asingeweza kumwahidi.

Usiku wa mwisho kabla hawajarudi haukuwa na lolote la kusimulia. Asubuhi yake, kwenye benchi la nje wakisubiri gari, Christian alitoa karatasi yake mfukoni akampa dada yake.

"Nisomee. Yote. Na Kiswahili."

Colette alisoma kwa sauti ya darasani, mstari kwa mstari, akitafsiri. Alipofika kwenye unene alisimama.

"Endelea."

"Milimita tano. Ni urefu yenye ilikuwa imeingia chini."

Christian alipima kwa ukucha kwenye kidole chake. Ilikuwa ndogo kabisa. "Na ingekuwa moja?"

"Wangekata, pengine ungerudi ku shamba."

Alimwachia karatasi. Kisha akasema, "Dada, walikufunga hiyo bandeji mubaya, inakufunika jicho." Akainua mkono akaisogeza. Hakuomba msamaha kwa njia nyingine, wala Colette hakuudai.

*

Christian aliishi miezi mitano. Kikohozi kilimshika wakati wa kuvuna mpunga, na mwishowe hakuweza kulala ila amekaa. Colette alikuwa amerudi nyumbani, uso wake umepona, kovu refu limeshuka kutoka kwenye kipaji hadi puani. Watu wa kijiji waliuona ule uso unapona wiki kwa wiki, na wakamwona Christian anakwisha wiki kwa wiki, na hawakuhitaji kusema.

Aliyesema alikuwa Symphorien. Siku ya tatu ya msiba, uani, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, alisimama akiegemea fimbo.

"Mi niko na swali moja, na sina hasira. Mugonjwa wa miaka munane amepona. Mugonjwa wa mwaka moja na nusu tumemuzika. Walikwenda mahali moja, daktari moja, juma moja. Naomba wenye walisoma wanielezee."

Macho hayakwenda kwa wenye kusoma. Yalikwenda kwa Colette, aliyekaa na wanawake karibu na moto. Mwanamke aliyekuwa kando yake alivuta kanga yake isiguse ya Colette. Katekista alikohoa. Colette alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu alijua kwamba chochote atakachosema yeye kitakuwa ushahidi juu yake.

Wivine aliinuka. Mjane hasimami kuongea siku kama hiyo, na wengi walidhani anakwenda chooni.

"Papa Symphorien, mi sikusoma, lakini nitajibu." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Bwana yangu alikuwa na uvimbe mu paja, akaificha. Alimuficha Papa Noël, akanificha miye. Karatasi ilifika, akajua ni yake, akasema ni ya dada yake. Mi nikamuamini kwa sababu nilikuwa napenda kumuamini. Nilimutenga huyu mama sahani, nikamutenga maji, kisha nikamutoa. Tulipoteza wiki tatu mu majani, na weye Papa njo ulitupeleka."

Mtu alisema chini kwa chini kwamba mama huyu amechanganyikiwa na msiba.

"Sijachanganyikiwa. Ile ya pua inakaaka mahali iko. Ile ya muguu inasafiri. Hakuna aliyemupa mwingine. Ingekuwa ya kupeana, mi njo ningekuwa wa kwanza, nililala na kile kisigino." Alivuta pumzi. "Sasa mi niko na swali yangu. Hapa tunatembea miguu wazi sisi wote. Nani amekwisha kuangalia chini ya muguu yake?"

Kisha msichana mmoja, binti wa katekista, aliinua mguu akautazama, akaona aibu, akaushusha. Mwanamke mwingine akafanya hivyo hivyo. Mzee mmoja akageuza kandambili yake na mguu pamoja, akapangusa udongo kwa kidole. Wengine walicheka, wengine waliondoka uani wakinung'unika kwamba hiyo si desturi ya msiba. Symphorien alibaki amesimama na buti zake za mpira. Alimtazama Wivine, akamtazama Colette, akasema mvua inakuja, akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya tano Colette alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, anachambua mchele. Wivine alikuwa amekwenda mtoni. Symphorien alipita kati ya mibuni, hakupita njia kuu, akasimama mbali kidogo mpaka alipohakikisha hakuna mtu mwingine. Colette aliacha kuchambua. Hakumsalimu, na mzee naye hakumsalimu.

Alikaa kwenye gogo. Alishika buti la kulia kwa mikono miwili akalivuta, na halikutoka upesi, kwa sababu alikuwa amelivaa siku nyingi bila kulivua mbele ya mtu. Akafungua kitambaa kilichokuwa ndani. Akageuza wayo juu, kuelekea kwenye mwanga.

"Weye unajua kusoma," alisema. "Angalia."

Colette aliweka ungo chini, akasogea, akainama.

"Lakini usiguse."